Mkono wa Kushoto wa Daktari Ndahani

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya. Mganga Mkuu wa Wilaya pamoja na wataalamu wote wa afya, mliovaa makoti meupe na mliokuja kiraia. Baba Mchungaji na Sheikh wetu, ambao leo mmekaa bega kwa bega kama mashabiki wa timu moja. Wazee wangu, shikamooni. Ndugu wageni waalikwa mliotoka Dodoma mjini, Ihumwa, Kondoa na kokote ambako watu wameshonwa na mtu huyu wakapona. Mwalimu Evelina, mke wa Daktari na shemeji yangu. Na wewe mwenyewe, Daktari Yotham Ndahani, mtani wangu: mbukwenyi.

Asanteni. Mmeitikia vizuri kuliko nilivyotarajia, maana mimi ni Mhehe, na Mhehe kusalimia kwa Kigogo ni sawa na fisi kupiga hodi zizini.

Kwa wasionijua, na sidhani kama wapo, naitwa Castory Kikoti, dalali wa mahindi katika soko letu la Kibaigwa, zamani dereva wa malori ya masafa marefu. Shule niliishia darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nililimaliza kwa huruma ya mwalimu. Lakini Lubumbashi nimefika mara nyingi kuliko baadhi yenu mlivyofika Mpwapwa. Nimeomba maji kwa Kibemba, nimegombana na askari wa mpakani kwa Kifaransa nikashinda, na Lusaka nimekula nyama ambayo mpaka leo sijaambiwa ilikuwa ya nini. Na kabla watani zangu Wagogo hamjaanza kunong'ona kwamba Wahehe tunakula mbwa, mbwa wa Mwenyekiti nimempita pale getini. Yuko hai, tena amenitikisia mkia.

Ndugu Ludovick, mshereheshaji wetu katika hafla hii ya kumuaga Daktari anayestaafu, amenipa dakika tano kwa sharti kwamba nisome nilichoandikiwa, na zikiisha atagonga glasi kwa kijiko. Karatasi ni hii hapa. Imeandikwa na kamati, ina maneno mazuri ya kutosha harusi mbili: mtumishi mwadilifu, nguzo ya jamii, taa isiyozimika. Nitaisoma nusu. Ile nusu nyingine mtanisamehe, kwa sababu leo asubuhi kuna jambo limenipata kwenye hema la kuchangia damu pale nje, na jambo hilo limeniharibia karatasi.

Karatasi inasema Daktari Ndahani alizaliwa hapa hapa mwaka 1965. Ni kweli, mimi namzidi miaka mitano na ndiyo maana nina busara kuliko yeye. Inasema pia kwamba aliichezea nchi yetu michezo miwili, mpira wa miguu na kutupa mkuki. Nayo ni kweli, lakini kamati imeliandika jambo hilo kwa mstari mmoja, kama mtu anayeandika kwamba amenunua chumvi. Vijana, hivi mnajua maana yake? Mnajua maana ya mtu mmoja kuvaa bendera ya nchi kifuani kama golikipa, na mwaka huo huo kuivaa tena akiwa na mkuki mkononi?

Mimi nilimwona kwa macho yangu haya yaliyoona nchi saba. Akishadaka mpira, hakuupiga kwa mguu kama makipa wengine. Aliupeleka nyuma ya sikio kwa mkono wa kulia, akapiga hatua tatu, akaurusha kama mkuki, nao ukavuka mstari wa katikati huku mwamuzi akigeuza shingo kuutafuta. Mabeki wa timu pinzani walikuwa hawajui waende mbele au warudi nyuma. Ule mkono, ndugu zangu, ulikuwa mali ya taifa.

Na yote yalikuwa ya ridhaa. Siku hizi mchezaji akisajiliwa tunaonyeshwa gari lake kabla hatujaonyeshwa mguu wake. Yeye alipewa nauli, soda na suti ya michezo, tena suruali ya suti hiyo mjomba wake akaichukua, akachungia misimu miwili. Ng'ombe wa ukoo ule ndio ng'ombe pekee ninaowajua mimi waliochungwa na timu ya taifa.

Sasa juu ya michezo hiyo miwili weka na chuo cha udaktari. Alfajiri mkuki, mchana darasani, jioni golini. Wenzake kambini wakicheza karata, yeye alikaa pembeni akijigusa mkono wake mwenyewe kwa kidole, kutoka kiganjani mpaka begani, akitaja mfupa mmoja mmoja kwa jina lake la kitabuni. Walimwita Mwendawazimu. Naye aliitika, akaendelea na mfupa uliofuata.

Halafu karatasi inasema hivi, nanukuu: "Mwaka 1990 aliamua kustaafu michezo ili ajikite katika masomo." Mwisho wa kunukuu.

Hapo, Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, ndipo karatasi inapodanganya. Msiilaumu kamati. Kamati iliandika ilichoambiwa, na aliyeiambia ni mimi.

Mwaka huo, mavuno yakiwa yameshaingia ndani, Yotham alikuja nyumbani likizo ya siku chache. Zilibaki wiki tatu asafiri na timu ya riadha kwenda mashindano ya Afrika, na akirudi huko alikuwa anasubiriwa kambini kwa mpira. Hapa Kibaigwa tulikuwa na ndondo, mpira wetu wa mtaani. Timu ya wenyeji inakutana na timu yetu ya makuli wa malori, na kombe ni dume jeusi la ng'ombe, limefungwa nyuma ya goli tunalitazama. Mimi ndiye niliyevaa namba tisa. Wiki nzima nilikuwa nimetangaza kwenye kila benchi la kahawa kwamba ng'ombe yule nitamla, na kwamba golikipa yeyote atakayesimama mbele yangu aage kwao kwanza.

Nikamkuta Yotham amekaa kivulini kwa bibi yake. Nikamwambia mbele ya watu, "Mtani, siku hizi umezoea nyasi. Vumbi la kwenu linakupa mafua?"

Akacheka. "Castory, nimekatazwa kucheza mtaani."

"Amekukataza nani? Bibi?"

"Kocha. Nikionekana, nafukuzwa kambini."

"Basi kaa na bibi mgeuze karanga. Wanaume tukishamaliza tutakuletea utumbo."

Nilipoondoka, watu walikuwa wanacheka, na yeye alikuwa anacheka pamoja nao. Siku ya pili saa kumi jioni nikaona mtu mrefu amesimama golini kwa wenyeji, kofia ameivuta mpaka kwenye nyusi, kana kwamba kofia inaweza kumficha mtu wa urefu ule.

Nitasema nini juu ya mechi hiyo? Nilipiga mashuti manne, yote aliyadaka, la nne alilidaka huku akimsalimia mzee mmoja pembeni mwa uwanja. Watu wakaanza kuniimba jina. Mtu mwenye majigambo akiimbwa jina kwa namna ile, ndugu zangu, damu humpanda mpaka machoni. Zikiwa zimebaki dakika kumi ukapigwa mpira mrefu. Nikaukimbilia. Mwamuzi akapuliza filimbi, nilikuwa nimeotea. Yotham naye alikuwa ameshaurukia, mkono wa kulia uko juu kabisa, mpira umenasa kiganjani. Watu wote waliisikia ile filimbi. Mimi nikasema sikuisikia. Nikaruka nikaingia na goti, goti likamkuta begani anaposhuka.

Hakupiga kelele. Alisimama mwenyewe, akatoka uwanjani akitembea, mkono wa kulia ameukumbatia kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Watu wakampigia makofi, wakidhani amejigonga tu. Tukamaliza mechi, tukashinda kwa penalti, tukamchinja yule ng'ombe. Leo nasema kila kitu: nyama ile nilikula, na nikaongeza.

Kesho yake nikaenda kumwona zahanati. Nilimkuta peke yake, jasho limemtoka, uso umekuwa wa kijivu. Yeye mwenyewe, aliyekuwa akihesabu mifupa kambini, ndiye aliyeniambia ni mfupa upi umevunjika na ni mshipa upi umechanika. Aliutaja kwa jina la kitabuni, akaniambia huo hautarudi kuwa kama zamani.

Halafu akaniuliza, "Castory, ile filimbi ulisikia?"

Nikasema, "Haki ya Mungu, sikusikia."

Akanitazama. Akasema, "Basi."

Mjomba wake alitaka twende polisi. Yotham akamkatalia. Akasema, "Huyu ni mtani wangu, na kesi ya mtani haiendi kituoni. Mtani anatozwa faini." Ninyi wenyeji mnaijua sheria hiyo, na wageni niwaambie: Mhehe na Mgogo ni watani tangu enzi za mababu. Mtani akikukosea, unamtoza unachotaka, kuku, jogoo, hata koti alilovaa, na yeye halalamiki, maana akilalamika ameuvunja utani. Nikamwambia taja. Nilidhani atasema mbuzi.

Akasema, "Nikimaliza chuo nitarudi huku kuwa daktari. Nitakosa vitu vingi, lakini nitakachokosa zaidi ni damu. Nikikuita, uje utoe. Popote utakapokuwa. Na siku utakayoshindwa kulipa, utasimama mbele ya watu unijibu tena kuhusu ile filimbi."

Alikuwa anatania, nadhani. Lakini aliniangalia vile vile alivyoniangalia aliposema "Basi."

Wakubwa wa michezo huko Dar es Salaam aliwaandikia barua kwa mkono wa kushoto. Aliwaambia kwamba ameanguka kutoka juu ya paa la tembe, nyumba ya udongo ya bibi yake, akigeuza karanga zilizoanikwa. Wakaamini. Walimwonea huruma, wakamwandikia pole yenye mhuri. Sasa ninyi mnaolijua tembe, hebu niambieni: kuna mwanamume mrefu kama yule anayeweza kuvunjika bega kwa kuanguka kutoka paa la tembe? Paa lile mtu mzima analiegemea kama kaunta ya duka. Mbuzi wanapanda na kushuka wakitafuna. Lakini wakubwa wale tembe walikuwa hawajaliona, na Yotham alilijua hilo. Akaubeba uongo huo ili mimi nisifungwe, na kambini wasijue alicheza ndondo. Ndipo mkuki ukaisha, na kudaka nako kukaisha, siku moja, kwa goti moja.

Najua kuna watakaonifuata baadaye wakinishika bega wakisema, "Mzee Castory, ulikuwa mpango wa Mungu, usingemvunja tusingempata daktari." Nawaomba msinipe zawadi hiyo. Udaktari alikuwa ameshauanza kabla hajakutana na goti langu. Angekuwa daktari, na angekuwa na picha ukutani ameshika mkuki mbele ya Afrika nzima. Picha hiyo haipo. Aliyeizuia ni mimi.

Alirudi kama alivyosema. Madaktari wenzake walikwenda mbali, wengine ng'ambo, na hata yeye aliitwa, Mwalimu Evelina anajua, kwa sababu barua ile aliisoma yeye. Akabaki. Mimi nikamuuliza, mtu mwenye bega bovu atapasuaje mgonjwa? Akanijibu: "Mgonjwa hulala chini ya kifua changu, Castory. Upasuaji hauhitaji mkono upande juu ya sikio."

Haupandi. Ule mkono uliokuwa ukirusha mpira mpaka nusu ya pili ya uwanja, tangu siku ile haujavuka usawa wa bega lake. Sasa nataka mnisikilize vizuri, hasa ninyi wa sokoni. Ni nani humu hajawahi kusema kwamba Daktari ana dharau? Ukiwa ng'ambo ya barabara ukamwinulia mkono kumsalimu, yeye hujibu kwa mkono wa kushoto. Kwa mila zetu mkono wa kushoto si wa kumpungia mtu mzima. Nimesikia mengi kwenye benchi la kahawa. "Anatupungia kama anafukuza nzi." "Wasomi ndivyo walivyo." Na hiyo ya wasomi, ndugu zangu, niliisema mimi. Mtu mmoja alilalamika, wote wakanigeukia kwa kuwa mimi ndiye rafiki yake, na ilikuwa rahisi sana kusema, "Jamani, bega lake ni bovu." Nikanywa kahawa yangu, nikasema, "Wasomi ndivyo walivyo."

Hata leo. Kamati imetushonea fulana zenye sura yake, tumezivaa karibu wote, hata Baba Mchungaji amevaa juu ya kola. Yeye peke yake ameiweka mapajani, na nimesikia mtu wa safu ya tatu akisema anajiona. Mwanangu, fulana huvaliwa kwa kuinua mikono. Miaka thelathini na mitano mtu yule hajavaa nguo isiyo na vifungo.

Ila faini nimelipa. Hilo niacheni nijigambe, maana nisipojigamba mtadhani naumwa. Simu ilikuwa ya maneno mawili: "Mtani, faini." Sikuwahi kuuliza ni ya nani. Siku moja nilikuwa nimeshafika Gairo na shehena ya mahindi ya Dar es Salaam, simu ikalia. Mama mmoja amejifungua na damu haikatiki. Niligeuza lori lenye trela katikati ya barabara kuu, mchana kweupe, magari yakanipigia honi pande zote mbili. Mwenye mzigo alinitukana kwa simu mpaka salio likamwishia. Mama huyo yumo humu ndani, simtaji, na mtoto wake anasoma sekondari. Kwa hiyo, watani zangu, jueni kwamba Wagogo wengi wa Kibaigwa mnatembea na damu ya Kihehe. Mkiona mwenzenu anapandwa na hasira za ghafla, msimlaumu. Muulizeni alilazwa lini.

Sasa nirudi kwenye hema. Leo asubuhi nilikwenda pale kama kawaida yangu, nikakunja shati, nikakaa kitini. Nesi Devota akanisalimu vizuri, akachukua kalamu.

"Shikamoo baba. Umezaliwa lini?"

"Marahaba. Mwaka sitini, lakini damu yenyewe ni ya juzi."

Akahesabu. "Basi umeshatimiza sitini na tano. Huruhusiwi tena, baba."

"Binti, unajua unaongea na nani? Damu hii ina wateja."

"Najua, baba. Tunakushukuru sana. Sasa nyanyuka, kuna foleni."

Nikanyanyuka. Nikasimama nje ya hema nimekunja shati, sina pa kwenda. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba siku ile imefika. Siku utakayoshindwa kulipa. Ningeweza kunyamaza. Nani angejua? Watu wawili tu waliozungumza zahanati, mmoja wao ni mimi, na mwingine hajawahi kunikumbusha hata mara moja, hata siku niliyomuudhi. Nikafikiri: akistaafu leo, kesho ataondoka hospitalini akiwa daktari aliyeacha michezo kwa hiari yake na kupungia watu kwa dharau, na mimi nitabaki Castory mwenye damu nzuri. Hiyo ndiyo karatasi mliyonipa nisome.

Daktari Ndahani. Naona unatikisa kichwa. Usitikise, mtani, wewe ndiwe uliyeitoza faini hii, mimi nalipa tu.

Uliniuliza nikakudanganya, tena kwa jina la Mungu. Nakujibu upya, mbele ya Mkuu wa Wilaya, Mchungaji, Sheikh na shemeji yangu. Filimbi nilisikia. Nilikuwa sijakufikia, zilibaki hatua tatu. Nafasi ya kusimama ilikuwepo. Nilikuona mkono uko juu na ubavu uko wazi, na nilijua hakuna tena goli la kufunga. Sikusimama kwa sababu nilikuwa nimeshawaambia watu wote nitashinda, na aibu yangu niliiona kubwa kuliko mkono wako.

Ni hilo tu. Dogo hivyo. Limenichukua miaka thelathini na mitano.

Sikuombi unifutie. Ukinifutia nitakuwa mtu wa bure. Wale pale nyuma waliosimama wamevaa jezi za kijani ni timu ya makuli ya sasa. Baada ya hema kunifukuza nilikwenda nikawaambia haya yote kabla yenu, na walipomaliza kunitukana wakaenda kupanga foleni kwa Devota. Wamesema faini ni ya timu. Nahodha wao mpya, Optatus, hajawahi hata kunikubali mimi kama mchezaji, lakini damu ametoa.

Na fulana yake ile ya mapajani, shemeji, naomba umpokonye, umpe hii. Nimepita kwa fundi Elieth, nikamwambia aikate mbele kuanzia shingoni mpaka chini, aweke vifungo sita. Uso wa mume wako umekatika kidogo puani. Hata hivyo amependeza kuliko siku zote.

Sasa ndugu zangu, namalizia. Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, utanisamehe kwa jambo ninaloliomba, na wazee wangu mtanisamehe zaidi, kwa sababu nyumbani kwenu na nyumbani kwetu tungechapwa. Naomba wote tusimame. Mkono wa kulia tuuweke mfukoni, na asiye na mfuko auweke mgongoni. Tuinue wa kushoto, juu, kupita sikio, pale ambapo wake haufiki. Tumpungie.

Hivyo hivyo. Na wewe, Daktari, usitujibu. Kaa tu. Umetupungia vya kutosha, na sisi tulikuwa hatujaelewa.

Nawashukuru kwa kunivumilia na kunisikiliza. Ndugu Ludovick, ile glasi umeigonga mara tatu, na leo siwezi tena kusema sikusikia. Nimesikia, na nakaa.